Riwaya ya Kijasusi Iliyowapokonya Wapolandi Jasho Lao

Riwaya hii, ambayo matukio yake yanatokea Ulaya baina ya vita viwili vya dunia, imejengwa juu ya kisa ambacho hakikuhitaji kutiwa chumvi. Mnamo Novemba 1931, katika hoteli mjini Verviers, Ubelgiji, Hans-Thilo Schmidt, mtumishi wa ofisi ya Berlin iliyoshughulikia maandishi ya siri ya jeshi la Ujerumani, aliwauzia Wafaransa nyaraka za Enigma, mashine ambayo jeshi hilo liliitumia kugeuza ujumbe wake kuwa mafumbo. Nyaraka hizo zikafikishwa Warsaw, na ilipofika mwisho wa 1932 mwanahisabati Mpolandi Marian Rejewski, kijana wa miaka 27, alikuwa amekwisha kubaini kwa milinganyo jinsi nyaya zilivyopangwa ndani ya mashine ya kijeshi ambayo hakuwa nayo mezani.

Kazi hiyo ya Rejewski imepewa kurasa mbili, Schmidt ana sura moja, na sehemu kubwa iliyobaki imekabidhiwa afisa kijana wa Kiingereza anayefukuzana na maadui kwa bastola juu ya mapaa ya mji wa bandari wa Danzig. Hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu Waingereza walionyeshwa mafanikio hayo na Wapolandi wenyewe mwezi Julai 1939, katika msitu wa Pyry karibu na Warsaw, wiki chache kabla ya vita. Kumweka Mwingereza katikati ya kisa tangu mwanzo ni kuwapokonya Rejewski na wenzake, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, jasho lao. Mtunzi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni, nami siipingi, lakini ubunifu huu umeifukuza taharuki iliyokuwapo tayari: ya mtu anayerudi ofisini asubuhi akiwa ameiuza siri ya ofisi hiyohiyo, na ya vijana watatu wenye kazi wasiyoweza kuisimulia nyumbani.

Makosa ya tarehe nayo yanaudhi. Mhusika mmoja anawakimbia Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mwaka 1931, ilhali chombo hicho kiliundwa 1933, Hitler akiwa ameshika madaraka. Mazungumzo ni hotuba tupu; ndugu wawili Wajerumani wanaelezana mezani masharti ya Mkataba wa Versailles, ambayo Ujerumani iliwekewa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kana kwamba mmoja wao amefika nchini jana.

Sura ya Schmidt, hata hivyo, nimeisoma mara mbili. Yumo ndani ya treni, karatasi zimo chini ya koti, anahesabu vituo vilivyobaki kabla ya mpaka huku akijilazimisha kutomtazama mkaguzi wa tiketi. Mwandishi aliyeweza kuandika kurasa hizo kumi angeweza kuandika riwaya nzima juu ya mtu huyo.