Springi walifunga vizuri, ila nusura waniulie mtoto

Jamani nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikidhani hasira itaisha, haijaisha. Naongelea mlango wa gereji, na kwa walioko nyumbani simaanishi gereji ya mafundi magari, huku Minnesota, Marekani, gereji ni chumba cha kulaza gari pale pale kwenye nyumba, na mlango wetu ni lidude la chuma lenye upana wa gari mbili linapanda hadi darini kwa rimoti.

Asubuhi moja ya baridi kali, nadhani mwezi wa kwanza, tukasikia paaa! Mama mkwe alikuwa ametoka Tanga hana hata mwezi, akajilaza chini na mjukuu wake akijua ni risasi. Kumbe springi imekatika, zile springi nene zinazozungushwa kwenye bomba juu ya mlango, unaona kabisa pengo katikati. Ukibonyeza rimoti mota inanguruma, mlango unanyanyuka kidogo unagoma, kwa sababu mota yenyewe haibebi ule uzito, wanaobeba ni springi, na mlango wetu unapita kilo 70. Miaka yote naishi humu nilikuwa sijui hilo.

Shemeji yangu akaja mbio na bisibisi mbili, eti "shem, springi tu hii, mbona za Land Cruiser nafungua". Nikamkatalia na mama mkwe akamkatalia. Springi moja imekatika lakini ya pili bado imekazwa na nguvu zake zote, bisibisi ikichomoka pale inakwenda na vidole au meno, zile zinafunguliwa kwa nondo zake maalum zinazoingia sawasawa kwenye matundu. Hapo ndipo unaita fundi hata kama huna hela, kopa. Na ile kamba nyekundu ya kuachanisha mlango na mota, kama springi imekatika mlango ukiwa juu usiivute kabisa, utakushukia mzima mzima.

Basi tukapiga simu kampuni moja, kwenye simu dola 49 za kuja kuangalia, kwenye risiti ikawa 480, sawa, hilo nilishameza. Na nisimdhulumu mtu, springi huyo fundi alizifunga vizuri. Alibadilisha zote mbili kwa sababu zilianza kazi siku moja, akanieleza za kawaida zinahesabiwa kufungua na kufunga mara 10,000, ambapo sisi kwa mara nne kwa siku ni kama miaka saba hivi. Akauachanisha mlango na mota, akaunyanyua kwa mkono mmoja hadi kiunoni akauachia, ukabaki pale pale haupandi haushuki. Nilifurahi nikampa chai.

Sasa wakati anajaribu na rimoti mlango ukawa unashuka kidogo unarudi juu, taa inawaka inazima. Zile ni sensa, vijicho viwili vya pembeni huku chini, havitakiwi kuzidi inchi 6 kutoka sakafuni, vinaangaliana, kitu kikipita katikati mlango unarudi. Mimi sikujua shida nini, nikaingia ndani kumtengenezea uji mtoto, narudi mlango unafunga safi. Nikamuuliza ilikuwa nini, akajibu bila hata kuniangalia, "unafunga, si ndicho ulichotaka?" Nikanyamaza. Hicho kinaniuma mpaka leo, kwamba nilinyamaza.

Kama wiki mbili baadaye niko kwenye gari nje nabonyeza rimoti niondoke, baiskeli ya mwanangu ya magurudumu matatu imebaki kwenye mstari wa mlango, mlango ukashuka tu. Ukaikandamiza mpaka usukani ukapinda ndio ukasimama. Mwanangu alikuwa ameshashuka kwenye hiyo baiskeli labda dakika moja kabla, amesimama na bibi yake pembeni. Nilitetemeka nikashindwa kuzima gari.

Mume wangu akapanda ngazi. Kumbe zile sensa mbili yule fundi alizing'oa chini akazifunga kwa tepu nyeusi juu kabisa kwenye mota, uso kwa uso, ziangaliane zenyewe huko darini milele! Na nguvu ya kushuka ameiongeza. Nchi hii tangu 1993 sheria inadai mota mpya zote za nyumbani ziwe na kinga ya kumzuia mtu asibanwe, na iliwekwa baada ya watoto kufa chini ya milango kama hii, na mtu wa fani anajua hilo vizuri kuliko mimi.

Na unajua shida ilikuwa nini? Kijicho kimoja kilipigwa na koleo la theluji kikaangalia pembeni, na chumvi ya barabarani imekiganda. Tumevirudisha vyote chini, hicho tukakifuta kwa kitambaa, tukakinyoosha mpaka taa yake ikatulia, dakika tano. Tukapunguza ile nguvu kama kitabu cha mota kinavyoelekeza, tukalaza ubao wa mbili kwa nne chini ya mlango, ukaugusa ukarudi. Kazi ya springi inayoweza kuua mtu fundi aliifanya vizuri, hii ya sensa ambayo hata mama mkwe anaiweza ndiyo ilitaka kutuletea msiba.

Nilipiga ofisini kwao, dada wa simu akaniambia fundi alifunga mlango kama nilivyoomba, wanaweza kunirudishia dola 40. Dola 40 jamani! Nilikuwa nimewapa nyota tatu kwa ajili ya springi, nikashusha hadi mbili, sasa naandika hapa nimerudi nimeweka moja. Baiskeli na ule usukani uliopinda sijaitupa, nimeitundika pale pale gereji, na ile tepu nyeusi iko kwenye mfuko wa nailoni juu yake.