Fundi wa Nyakato aliyekataa kuniuzia swichi

Land Rover yangu 109 ni Series III ya 1976. Nimeirithi kwa baba mdogo, na kazi yake ni kuleta dagaa kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hatulali tena tukingoja kivuko, kwa hiyo narudi Mwanza usiku sana. Hapo ndipo taa zilipoanza vituko: zinafifia zenyewe, swichi kwenye usukani ukiigusa ni ya moto, na ndani kunanuka plastiki.

Duka moja mjini waliniuzia swichi mpya kwa 65,000, "orijino kabisa, bosi." Haikumaliza wiki tatu ikayeyuka pale waya unapoingia. Kuirudisha, eti vya umeme havirudishwi.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari, Nyakato, kando ya barabara ya Musoma. Hana bango, ana mwembe na kreti la soda la kukalia. "Hiyo ya zamani uliitupa, mwanangu?" Ilikuwa chini ya kiti. Akaifungua taratibu juu ya gunia, springi akaiweka kwenye kizibo cha soda isipotee. Akanionyesha vile vidole vya kopa: vyeusi kama tako la sufuria. Akavipiga msasa laini mpaka vikawa vyekundu.

"Swichi haina kosa," akasema. "Inabebeshwa mzigo." Gari hili umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi yenyewe. Globu mbili za wati 60 kwenye volti 12 ni ampia 10, na kopa ikishashika kutu inachemka. Akafunga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme kidogo ili zipitishe umeme mwingi) karibu na betri, moja ya ful, yaani mwanga wa mbali, moja ya dimu, mwanga wa karibu, kila moja na fyuzi yake. Sasa kwa taa kubwa swichi inaamsha rilei tu, haifiki hata ampia moja. Aliupata waya wa ful bila kuuliza: bluu wenye mstari mweupe. Wa dimu ni bluu wenye mstari mwekundu.

Lawama ninayo moja. Waya mpya wote kafunga mwekundu, wakati kwenye magari haya mwekundu ni wa taa ndogo. Fundi atakayekuja baada yake atamlaani. Nimezungushia tepu za rangi mwenyewe.

Na aliposema "saa nne tayari", ilikuwa saa kumi jioni. Kapokea simu, kala ugali, kamsaidia mtu wa bodaboda.

Nimelipa 40,000, rilei ndani yake. Huu ni mwezi wa pili tangu anifungie, natoka Busisi usiku na swichi ni ya baridi. Nampa nyota nne. Ukienda, fika asubuhi, na swichi yako mbovu usiitupe. Wabeja sana, mzee, yaani asante kwa Kisukuma.