TAHADHARI: Valvu feki za PCV kwa wenye Subaru za turbo hapa Mbeya (na masega ya ekzosi yako yalinde)

Wakuu, kama una Subaru ya turbo ya zamani na uko Mbeya, Tukuyu au Tunduma, soma hii kabla hujamtumia hela yule jamaa anayeuza "spea orijino kutoka Japani" kwenye magrupu ya WhatsApp. Simtaji, ila walioshaumizwa wameshamjua.

Langu ni Impreza WRX ya 2002. Mwezi wa sita, baridi letu lile, nafungua kifuniko cha oili nakuta ute mweupe kama mtindi. Fundi wa kwanza hata hakuinama: "Gasketi ya hedi imekufa, tushushe injini." Wakati maji ya rejeta hayajapungua hata kidogo! Mimi safari zangu ni Uyole na mjini tu, injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na kama inapopumulia pameziba, unyevu unabaki humohumo. Nikaing'oa mwenyewe valvu ya PCV, ile inayotoa gesi na unyevu wa ndani ya injini. Imejaa masizi, ukiitikisa kimya, na nzima huwa inagonga kidogo ndani. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Nilichemka kwenye kununua.

Jamaa akaniuzia mpya kwa 65,000. Boksi safi, nembo ipo. Lipa namba "leo inasumbua mkuu", nikatuma kwenye namba binafsi, likatokea jina la mtu nisiyemjua kabisa. Risiti ingekuja na mzigo. Bodaboda akaleta boksi peke yake.

Siku ya tatu napandisha Kawetere kwenda Chunya, turbo imeitika vizuri, naangalia kioo cha nyuma: moshi wa bluu barabara nzima. Nikapaki, nikafungua boneti. Dipstiki imechomoka yenyewe na oili imetapakaa juu ya injini.

Kwa wasiojua: gari lisilo na turbo, manifoldi yake (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) inanyonya tu. La turbo, ukikanyaga mafuta inageuka kuwa na presha. Hapo valvu inatakiwa ijifunge kabisa, gesi za kwenye krenki (tumboni mwa injini) zipite kwenye mipira mingine inayorudi kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Yangu haikujifunga, presha yote ikashuka tumboni mwa injini. Na oili ya turbo inarudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa kutiririka tu, haina kinachoivuta. Sampu ikiwa na presha, oili inakwama, inavujia kwenye sili za turbo na kuungua. Turbo isiyo na tatizo utaambiwa imekufa.

Ndicho nilichoambiwa. Nilipompigia muuzaji alikuwa mpole ajabu: "Pole sana kaka, hiyo turbo hiyo. Nina fundi wangu." Fundi wake akasema turbo kwisha, na masega (kile kisafisha moshi chenye vitundu ndani ya bomba la ekzosi) yamezibwa na oili, ayatoe akayaangalie. "Haya mambo ya moshi ni ya Wazungu, hapa nani anakupima?" (Ni kweli sharti la kufunga PCV ili kupunguza uchafuzi wa hewa lilianzia California, 1961. Lakini ikifa, anayeumia si mtu wa California, ni injini yako.) Mimi nikaondoka, nikaenda kula. Jioni narudishiwa bomba, jepesi. Nikamulika tochi ya simu upande mmoja, upande wa pili mwanga ukatoka mzima, hakuna kitundu hata kimoja cha sega. Eti yalikuwa hivyo tangu zamani. Wanaonunua masega tunawasikia wakitangaza kila siku, bei wanazijua wao.

Mzee mmoja wa gereji ndiye aliyenifungua macho. Akaichomoa ile valvu mpya, akaifuta kwa kitambaa, akapuliza kwa mdomo upande wa injini: hewa ikapita. Akageuza, akapuliza upande wa manifoldi: ikapita vilevile. Akacheka. "Hiki ni kipande cha bomba, mwanangu." Turbo akaikagua, shafti haichezi hata kidogo. Akafunga valvu ya mtumba aliyoipuliza kwanza mbele yangu, tukamwaga oili iliyotuama kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), tukaosha mipira. Moshi ulibaki siku mbili, ukakata. Gharama yote haikufika nusu ya turbo niliyotaka kuuziwa.

Kwa hiyo ukiletewa valvu, ipulize hapohapo kabla bodaboda hajaondoka. Ikipitisha pande zote mbili mrudishie. Masega yakitolewa usiende kula, kaa hapo. Mimi chipsi za siku ile zimenigharimu.

Nilipomdai muuzaji hela yangu aliniblock. Sasa amebadilisha picha, na wiki hii anatangaza sensa za oksijeni za Forester, boksi zilezile. Skrinshoti za malipo ninazo, anayetaka kulinganisha namba aje inbox.