Darasa la jioni la Kiingereza, Nsambya: miezi miwili ya vitenzi vyenye mikia

Nimemaliza miezi miwili katika darasa la jioni la Kiingereza linaloendeshwa katika chumba cha kupanga hapa Nsambya, Kampala. Sikwenda kuanza Kiingereza. Nilikwenda kwa ajili ya vile vitenzi vinavyofuatwa na neno dogo kama “off”, “up” au “out”, ambavyo sisi tuliokua na Kiswahili, iwe Busia, Malaba au ng’ambo ya mpaka wa Kongo, huvisikia kila siku na bado tukashindwa kuchagua kati ya viwili vinavyofanana. Pale darasani neno hilo dogo huitwa mkia, nami nitalitumia jina hilo.

Kilichonipeleka ni kosa langu kazini. Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha, na mwaka jana mteja mmoja alipiga simu kuomba safari ya lori lake isogezwe hadi wiki inayofuata. Nilipomwandikia msimamizi wangu nilitumia “call off” mahali palipotakiwa “put off”. La kwanza ni kufuta kabisa, la pili ni kuahirisha. Lori likapewa mteja mwingine, na mzigo wa yule wa kwanza ukakaa Malaba siku nne zaidi huku gharama za kuuhifadhi zikipanda. Mkia ni uleule katika maneno yote mawili, kwa hiyo anayekariri mikia peke yake hawezi kuokoka hapo.

Nguvu ya darasa hili ni kwamba mwalimu haanzii kwenye orodha ya kukariri bali kwenye Kiswahili chenyewe. Alituandikia ubaoni funga na fungua, kunja na kunjua, vaa na vua, akatuonyesha kwamba lugha yetu hugeuza maana ndani ya kitenzi, ilhali Kiingereza mara nyingi huiweka kazi hiyo nje, kwenye mkia, na wakati mwingine hubadilisha na kitenzi chenyewe: kuvaa ni “put on”, lakini kuvua si “put off”, ni “take off”. Kutoka hapo akaingia kwenye kosa linalosikika katika nyumba nyingi za Uganda, yaani kumwambia mtu “put off the light” kwa maana ya kuzima taa. Taa huzimwa kwa “turn off” au “switch off”. Moto na mshumaa huzimwa kwa “put out”. Na “put off” hubaki na mambo yanayosogezwa mbele, kama mkutano au safari ya lori.

Somo ninalolithamini kuliko yote lilihusu mahali pa kuweka kiwakilishi. Kwa Kiingereza husemwa “turn it off”, wala si “turn off it”, na kwa miaka mingi nililiona jambo hili kama amri isiyo na sababu. Mwalimu aliandika “uizime” na kuipigia mstari ile “i” iliyo katikati, akasema kwamba sisi pia hukiweka kinachotendwa ndani ya kitenzi. Kisha akatutahadharisha kwamba si mikia yote inayoruhusu kupenya huko: kumtunza mtoto ni “look after him”, na hakuna namna ya kukiingiza kiwakilishi kati ya “look” na “after”. Tangu siku hiyo, nikikutana na kitenzi kipya, naanza kwa kujiuliza kama kinapasuka katikati au hakipasuki.

Kuhusu kushuka kwenye chombo, kanuni ni kwamba basi, treni na bodaboda huchukua “get off”, na gari dogo huchukua “get out of”. Hapa Kampala tunaiita teksi ile gari ya abiria 14 ambayo majirani zetu Wakenya huiita matatu, na darasa zima lilibishana iwekwe upande gani. Jibu la mwalimu lilinitosheleza: teksi yetu hufanya kazi ya basi, hufuata njia yake na kumshusha kila anayesema “maaso awo” (Kiluganda, yaani “hapo mbele”), basi tuseme “get off”.

Yapo mambo ambayo sikuridhika nayo. Karatasi za mazoezi zimenakiliwa kutoka sehemu mbalimbali, na Kiingereza cha Uingereza kimechanganywa na cha Marekani bila maelezo. Katika jaribio la mwisho niliandika “fill out” kwa kujaza fomu nikakosolewa, ilhali Wamarekani ndivyo wasemavyo. Waingereza hupendelea “fill in”. Vilevile, mwalimu huhesabu “pick” bila “up” kuwa kosa tupu mtu anaposema anakwenda kumchukua mtoto shuleni. Ningependa atuambie kwamba Uganda nzima itakuelewa, lakini mgeni kutoka London anaweza kudhani unachagua mtoto mmoja miongoni mwa wengi. Upungufu mkubwa zaidi ni kukosekana kwa sauti zilizorekodiwa. Katika “turn it off” mkazo huangukia mkia, katika “look after him” huangukia “look”, na tofauti hiyo haijifunzi mtu kwa kusoma karatasi.

Ada ni shilingi 180,000 kwa miezi miwili, na inaweza kulipwa kwa awamu mbili kwa simu. Vipindi huwa Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja usiku. Anayetaka kusikia vizuri na afike mapema akae benchi la mbele, kwa sababu madirisha ya nyuma yanatazama barabara na saa hizo ndipo magari huwa mengi.