Ukraine na Urusi: nani anajua kuvuta nyoyo?

Vita vikipamba moto, silaha peke yake hazitoshi; dola huhitaji pia marafiki. Tangu Februari 2022, Ukraine na Urusi zimewatafuta kwa njia tofauti kabisa.

Ukraine ilitegemea mtu mmoja na kamera. Rais Zelenskyy, na fulana yake ya kijani, alihutubia mabunge ya nje kwa video, na kila bunge alilitonesha kidonda chake: Wamarekani aliwakumbusha Pearl Harbor na Septemba 11, Wajerumani akawatajia ukuta, akigusa kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin. Mei mwaka huohuo, bendi ya Kalush Orchestra wakaitwalia Ukraine ushindi wa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, mjini Turin.

Urusi, ambayo chaneli yake ya RT ilifungiwa na Umoja wa Ulaya, iligeukia kusini. Julai 2023 Putin aliziahidi nchi 6 za Afrika nafaka ya bure, tani 25,000 hadi 50,000 kila moja. Hapo zilikuwa hazijapita hata wiki mbili tangu ajitoe kwenye mkataba ulioiwezesha Ukraine kusafirisha nafaka yake kupitia Bahari Nyeusi!

Kwa maoni yangu, Magharibi Ukraine ilishinda kwa mbali. Afrika ni habari nyingine: Zelenskyy alipozungumza na Umoja wa Afrika Juni 2022, marais waliomsikiliza walikuwa wachache. Huko, msaada wa Moscow kwa wapigania uhuru haujasahaulika.