Springi za kushusha Tesla Model 3: zipi ununue kwanza, zipi uziache dukani

Wengi wanaotaka kushusha Model 3 huanza kwa kuuliza kampuni ipi ni bora. Kabla ya hapo, jibu hili: gari lako lina mota moja au mbili? Lenye mota moja ya nyuma ni jepesi mbele, wakati Performance na Long Range ya AWD (inayoendeshwa na magurudumu yote manne) zimebeba mota nyingine chini ya boneti. Ukifunga springi za gari la mota mbili kwenye la mota moja, pua inabaki juu na mkia unalala. Ukifanya kinyume, pua inazama. Kwa hiyo linganisha namba ya springi na toleo la gari lako, pamoja na mwaka wake, kwa sababu toleo jipya lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2023 lina orodha yake. Muuzaji akikuambia "zote ni Model 3, zinaingia tu", tafuta muuzaji mwingine.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nipange orodha hii kama ilivyo. Model 3 hutoka kiwandani ikiwa milimita 140 hivi juu ya lami. Gari la petroli likikwaruza tuta, mara nyingi kinachoumia ni ekzosi, unaichomelea maisha yanaendelea. Chini ya gari hili kuna kasha la betri, na hakuna kifaa kingine garini chenye bei kama hiyo. Ndiyo maana springi zinazoshusha kidogo nimezipa alama nyingi kuliko zinazolaza gari chini.

Namba moja ni Eibach Pro-Kit. Inashusha takriban milimita 25 hadi 30 kutegemea toleo, na hiyo inatosha kuliziba lile pengo la tairi na madigadi linalowakera watu. Ukiishika mkononi utaona mizunguko ya upande mmoja imebanana na ya upande mwingine imeachana. Ile iliyobanana hulainisha vishimo vidogo. Ukikata kona kwa kasi, ile iliyoachana ndiyo inayobeba mzigo. Kwa gari la kila siku, lenye kiti cha mtoto nyuma, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

H&R naiweka ya pili, tena kwa karibu sana. Kiwanda chake kiko Lennestadt, Ujerumani, jirani kabisa na Finnentrop alikoanzia Eibach mwaka 1951, kwa hiyo ubishi wa mashabiki wa kampuni hizi mbili ni ubishi wa majirani. H&R kwa kawaida ni ngumu kidogo na hukaa chini kidogo zaidi. Kama una rimu za inchi 18 zenye tairi 235/45, utaifurahia. Ukiwa na rimu za inchi 20 na tairi zenye ukuta mfupi za 235/35, mgongo wako utalalamika kabla ya abiria.

Baada ya hapo kuna kampuni zilizojikita kwenye Tesla: Mountain Pass Performance ya Toronto na Unplugged Performance ya Hawthorne, California. Kazi zao ni nzuri, na faida yao kubwa ni kwamba wanauza pia mikono ya nyuma ya kurekebisha kemba (pembe ya tairi kulalia ndani au nje), ambayo nitaifikia sasa hivi. Springi zao za kushusha kwa kiasi nazipa nafasi ya tatu. Zile za kulaza gari kabisa waachie wanaokwenda kwenye maonyesho.

Koilova (springi na shokapu vilivyofungwa pamoja) za KW au Öhlins zimo kwenye mashindano mengine. Unapata shokapu mpya na unachagua urefu mwenyewe, lakini unalipa mara kadhaa ya bei ya springi nne. Mwenye Performance ya 2024 kuendelea awe macho zaidi: shokapu zake hujirekebisha kwa umeme, na ukizitoa bila mpango gari litakuwashia maonyo kwenye skrini.

Nafasi ya mwisho, na haistahili hata kuwemo, ni kukata springi kwa grenda au kuzichoma zilale. Mchezo huu umezoeleka gereji nyingi za nyumbani. Chuma cha springi kimepikwa kwa kipimo. Ukikichoma, ugumu wake umeondoka, na kwenye gari linalokaribia tani mbili sitaki hata kukaa karibu.

Sasa mikono ya nyuma. Gari likishuka, matairi ya nyuma hulalia ndani kwa juu, na kiwandani hawakuweka mahali pa kurekebisha pembe hiyo. Ukiangalia tairi kwa nje linang'aa kama jipya. Pitisha kiganja upande wa ndani: utakuta kipara, na ukichelewa zaidi nyuzi za chuma zimeshatoka. Uzito wa gari na nguvu ya mota huharakisha hayo yote. Kwa hiyo bajeti ya springi iwe na fungu la mikono hiyo na la kupima alaimenti. Kama fedha haitoshi vyote, ahirisha springi.

Siku ya kufunga, fundi aweke jeki kwenye sehemu nne maalumu tu, kamwe isiwe chini ya betri. Boliti za bushi zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limebeba uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, bushi hubaki zimejipinda na huchanika mapema. Kisha taa za mbele zipangwe upya na kalibresheni ya kamera irudiwe, zote zipo kwenye menyu ya huduma.

Uliyeko Ujerumani, hakikisha springi zinakuja na cheti cha kifaa, kama vile Teilegutachten, kisha gari likaguliwe na wakaguzi wa TÜV au DEKRA. Uingereza, mjulishe mtu wa bima kabla, siyo baada ya ajali. Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inazuia kufutiwa warranti yote kwa sababu ya springi tu, ila kilichoharibiwa na springi utakilipia mwenyewe. Na kwa ndugu wa Dar au Nairobi mnaoagiza gari hili: kwa matuta tuliyonayo, liacheni lilivyo.

Springi za kiwandani usizitupe. Ziandike "mbele" na "nyuma" kwa rangi, zihifadhi pakavu, na siku ya kuuza gari mpe mnunuzi. Wapo watakaokataa gari lililoshushwa mpaka wazione.