FANUC 0i-MD: kuweka upya sifuri ya mihimili baada ya betri kufa

Mashine yetu ya miling ina mihimili mitatu (njia za mwendo X, Y na Z) na kontrola, yaani kompyuta inayoiendesha, ya FANUC 0i-MD. Tuliinunua ikiwa imeshatumika, na kabla ya kutufikia ilikaa bohari bila umeme hadi betri za enkoda (vihisi vya nafasi kwenye mota) zikaisha. Kuiwasha tu, skrini ikaonyesha alamu DS0300 kwa X, Y na Z, maana yake mashine haijui tena iko wapi.

Kwenye mashine yetu enkoda ya mota hukumbuka nafasi yake hata umeme ukikatika, kwa nguvu ya betri ya volti 6. Ndiyo sababu ukiwasha asubuhi unaanza kazi moja kwa moja bila kurudisha mihimili sifuri, jambo ninalolipenda sana hasa pale umeme unapokatika katikati ya kazi. Betri hiyo si ile ya volti 3 inayotunza parameta na programu; wengi huzichanganya.

Kuweka sifuri upya ni kazi fupi. Chagua MDI (hali ya kuingiza data kwa mkono), nenda ukurasa wa setingi, ruhusu kuandika parameta (alamu SW0100 itatokea, ni kawaida), kisha tafuta 1815. Biti ya APC (inayosema enkoda inakumbuka nafasi) ibaki 1; APZ (inayosema sifuri imewekwa) utaikuta 0. Zungusha mhimili kwa gurudumu la mkono hadi mota imalize angalau mzunguko mmoja, zima na uwashe, peleka mhimili kwenye alama aliyochora mtengenezaji wa mashine, weka APZ 1, halafu zima na uwashe tena. Alamu inaondoka. Kwa muda wote huo usitegemee mipaka ya mwendo iliyoandikwa kwenye parameta, kwa sababu bila sifuri haina maana yoyote. Sogeza polepole.

Ugumu uko kwenye usahihi. Kontrola inakubali mahali popote utakapoiambia ni sifuri, haikuulizi. Alama ya kuchorwa unaisoma kwa macho, na macho hayaoni sehemu za mia za milimita. Sifuri ikihama, G54 hadi G59 (sifuri za kazi) zote zinahama nayo, na jigi (kishikio cha vipande) iliyofungwa mezani miaka yote inaanza kutoa vipande vibovu. Kwa hiyo nashauri kila mwenye mashine nzima afanye hivi leo: chagua tundu lisilohama kwenye meza, lipime kwa geji ya saa, andika namba za nafasi ya mashine zinazoonekana kwenye skrini kwa X na Y. Siku sifuri ikipotea, iweke kwanza kwa alama, kisha pima tundu lile lile. Tuseme zamani X ilisoma -402.250 na sasa inasoma -402.318: sifuri ya kweli iko pale skrini inaposema -0.068. Peleka mhimili hapo, rudisha APZ 0, kisha 1, zima na uwashe. Kazi imerudi mahali pake.

Z inataka heshima zaidi. Mashine yetu hubadilisha zana kwenye nafasi ya pili ya rejea, G30, iliyoandikwa kwenye parameta 1241. Kimo kikikosewa kidogo tu, mkono wa kubadilisha zana unagonga spindeli, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya betri za miaka mingi. Usiguse 1241 kufidia sifuri mbaya. Rekebisha sifuri yenyewe. Jaribu kwanza bila zana, hatua moja moja, kidole kikiwa juu ya kitufe cha dharura.

Kwa mtu anayefikiria kununua mashine yenye kontrola hii, naipendekeza kwa moyo wote. Muulize muuzaji betri zilibadilishwa lini, na omba nakala ya parameta zote kabla ya kulipa. Ukishaichukua, badilisha betri za enkoda kila mwaka, mashine ikiwa imewashwa na kitufe cha dharura kimebonyezwa. DS0307 ikitokea, betri inaishiwa nguvu: usizime mashine hadi uwe na mpya mkononi.